Shokishoki Nyuma ya Bafu

Zubeda wangu,

Mwangaluka! Naandika vidole vikinata, utanisamehe. Mti wako umezaa!

Ule ule mshokishoki. Mbegu ulikuja nayo kutoka kwenu Muheza ulipopangiwa kufundisha hapa Sapiwi, ukaipanda nyuma ya bafu letu, watu wakakucheka mpaka basi. Tangu ututoke nimeumwagilia maji ya kufulia, maana sikuwa na kitu kingine chako cha kutunza.

Shokishoki zilipokuwa za kijani hakuna aliyeziona. Zimeiva ndiyo balaa. Asubuhi ya leo Baba Kulwa kapita nyuma, kakuta vitu vyekundu vyenye manyoya vimening'inia kila tawi. Unamjua mume wangu, mtu wa pamba. Akaona viwavi. Natoka ndani namkuta kashabeba bomba mgongoni, dawa imeshachanganywa, majirani wanamwelekeza aanzie wapi. Nilikimbia na kanga moja, shoga, nikasimama kati ya bomba na mti.

Nikasema ni matunda. Jirani mmoja akasema kama ni matunda basi yana sumu. Hapo nikasita, nikakumbuka maneno yako. Ulisema ukoo wa mti huu umetapakaa: kuna mlichi mtamu, na huko Ulaya kuna ndugu yao mkubwa, kokwa zake za kahawia zinang'aa vizuri, ila ukizila zinakudhuru. Sasa wewe ulinipandia yupi?

"Kama si viwavi, kula tuone," akasema Baba Kulwa, mkono uko kwenye bomba.

Nikamenya moja. Nikafumba macho, nikajiambia Zubeda hawezi kuniua. Nikala.

Yaani ule utamu! Maji yalichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mume wangu akatua bomba, akaomba moja, akaomba ya pili, kisha akapanda mwenyewe. Saa hii uani wamejaa hata wale waliokucheka. Nimecheka nao, halafu nikalia palepale, kwa sababu mwenye mti ndiye pekee hayupo. Inauma, shoga.

Za mama yako nimeficha kwenye kapu, kesho zinapanda basi kwenda Muheza. Na mbegu hazitupwi. Nakuahidi kila nyumba iliyokucheka itapanda moja nyuma ya bafu lake, nami nitapita kuhakikisha inamwagiliwa.

Lala salama. Leo wamelitaja jina lako midomo imejaa.

Ni mimi shoga yako,
Mama Kulwa