Heri za Gavana

Jumatano, jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Leo tumemzika Mzee Hamisi, ambaye Magomeni nzima, mtaa wetu huu wa kusini kwenye korosho, tulimwita Gavana. Alikuwa akitengeneza hela zake mwenyewe. Alikata mifuko ya saruji vipande vipande, akachonga muhuri kwenye muhogo, akauchovya kwenye mafuta meusi ya maganda ya korosho, akagonga. Aliziita heri. Mafuta yale yalimbabua vidole, naye akasema kazi ya benki ina madhara yake. Bei ya korosho ikianguka, anatangaza heri imepanda.

Na tulizipokea. Heri moja, kikombe cha kahawa. Heri mbili, kitumbua. Nilipohamia hapa kufundisha, kutoka Njombe, sijui mtu, wa kwanza kunikaribisha alikuwa yeye, akanipa heri kumi za kuanzia maisha.

Nilimpenda mzee yule.

Wiki iliyopita alishikwa na homa. Akaenda duka la dawa na heri zake, kifua mbele. Muuzaji ni mgeni mjini, akamrudisha. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyetusimulia, baadaye, analia. Gavana hakumwambia mtu. Mwenye hela haombi. Akajifungia ndani. Tulipovunja mlango, alikuwa ameshakufa.

Leo, kabla jeneza halijatoka, kaka yake akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu ajitokeze. Mtani wake, Bwana Chilumba, akajilaza mlangoni na bunda la heri mkononi, akasema hatoki mtu hapa mpaka abadilishiwe hela zake. Ndiyo kazi ya watani msibani. Tukacheka, hata mimi, nikapumua kidogo.

Ila binti wa marehemu, Zuhura, amelelewa Tanga kwa mama yake, na utani wa huku haujui. Akatoka walikokaa wanawake, akavua hereni zake za dhahabu, akamwekea Chilumba kiganjani. Hakutaka baba yake azikwe na deni.

Chilumba akainuka upesi, akazirudisha. "Mwanangu, huu utani tu. Zile hazikuwa hela."

Zuhura akatutazama sote. Hakupaza sauti.

"Kama hazikuwa hela, mbona mlikuwa mnazipokea? Na yeye, nani alimwambia kwamba si hela?"

Tukabeba jeneza.

Njia nzima ya makaburini nilikuwa natafuta jibu. Tulimpenda, hatukutaka kumvunja moyo. Ni kweli kabisa. Lakini heri zake tulizipokea kwa kahawa na vitumbua, vitu ambavyo hata bure tungempa. Siku alipohitaji kitu cha maana, alikuwa anatuamini kwamba ana hela, na mwenye hela habishi hodi kuomba.

Kesho kuna kisomo. Nitakwenda. Sijui nitamtazama Zuhura kwa uso gani.