Mabomba Uliyotoboa kwa Ajili ya Mboga

Papa,

Nimekasirika, na sitajifanya. Matanga yako yalikuwa hayajaisha, sufuria za chai ya wageni bado zilikuwa motoni, ndugu yako Tonton Saidi akaingia uani na kung'oa mabomba yetu ya plastiki. Yote! Yale uliyoyatoboa kwa kopo lililopashwa moto, tukaotesha mboga ndani yake kwa maji ya mbolea, bila udongo. Mchicha wetu, lenga-lenga, na saladi alivitupa chini kama takataka, mizizi myeupe nje, maji yakatiririka hadi barabarani. Nikapiga kelele. Akanijibu mbele ya watu kwamba mali yako ni ya ukoo: "Bitu ya kaka yangu iko ya famille. Weye uko mutoto mwanamuke, utaolewa." Watu wakaendelea kunywa chai. Na hao hao walikula mboga zetu kila wiki, huku wakinong'ona kwamba mboga isiyogusa udongo ni ya uchawi.

Sasa sikia. Aliyafunga nyumbani kwake yateremshe maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye pipa. Mabomba yenye matundu, Papa! Mvua zetu unazijua. Kila tundu likatema maji, ukuta ukalowa, godoro likalowa. Akaja kwangu amefura, akiyalaumu mabomba: "Papa yako aliniachia tuyau mubovu!" Nilicheka mpaka nikalia. Kisha nikalia tu.

Kwa sababu nimekukasirikia wewe pia. Kila nilipokuomba uwaambie ndugu zako kwamba bustani ni yetu sisi wawili, ulitabasamu: "Acha, Feza, watasikia mubaya." Neno moja tu mbele yao lingetosha. Uliogopa kuwaudhi wao. Kuniudhi mimi hukuogopa.

Leo nimekwenda kwake na bisibisi. Nimeyafungua mabomba mchana kweupe, majirani wakitazama, naye amesimama mlangoni. Moja limepasuka. Mengine nimeyaleta nyumbani, nimeyaosha, na ile miche michache niliyoiokoa siku ile na kuiweka kwenye mabeseni nimeipanda tena. Sijui nimefanya hivyo kwa hasira au kwa kukukosa.

Lala, Papa. Ninakuahidi bustani haitakauka, na atakayeuliza ni ya nani nitamjibu mwenyewe, kwa sauti, hata mbele ya famille nzima. Lakini kukusamehe, bado.

Mwanao,
Feza