Anayenipikia Huku Diani

Mama Mwende mke wangu,

Nakusalimu wewe na wanangu. Hamjambo huko Kitui? Kikohozi cha Mwende kimeisha? Mmepata mvua ya kupandia? Mimi ni mzima, na lile tumbo lililokuwa likinichoma limetulia.

Barua yako nimeipata. Ilikuwa na mstari mmoja tu: "Msalimie huyo anayekupikia." Nimeisoma mara nyingi huku nikimwagilia bustani. Najua ni Kyalo, ninayefanya naye kazi huku, alipokuja huko likizo, aliyekwambia kuwa kila jioni chumbani mwangu kunanukia mchuzi. Hakusema uongo. Ila hakuingia ndani akaona.

Yule mama wa Kizungu ambaye namtunzia nyumba, alipokuwa akirudi kwao aliniachia sufuria ya umeme. Ni ya presha: mfuniko unajifunga, unazungusha kitufe cha dakika, inapika yenyewe. Daktari alikuwa amenikataza chipsi na viazi karai vya kibandani, nikaona nijaribu. Siku ya kwanza nilitia maharagwe makavu na maji kidogo. Mvuke ulipoanza kulia nilikimbia nje bila viatu. Chini yakaungua, juu yakabaki mawe.

Mwanamke yupo, sikufichi. Ni Bi Mwanasiti, mjane wa Kidigo wa nyumba ya nyuma, rika la mama yangu. Alinikuta uani nikikwangua sufuria. Nikamwamkia shikamoo, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Marahaba, mwanangu. Maharagwe hurowekwa tangu jana yake. Na tui usilifungie humo, litakatika. Lingoje mpaka ufungue."

Nikafuata hivyo. Sasa napika maharagwe ya nazi, ndizi, hata muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa. Ule unaokumalizia kuni mchana kutwa, hapa huiva kabla sijamaliza kufua nguo.

Wiki iliyopita Bi Mwanasiti alishikwa na homa, siku mbili hakutoka nje. Binti yake yuko Lunga Lunga, habari zilikuwa hazijamfikia. Nikapika wali wa kupondeka na mchuzi mwepesi wa kuku, nikampelekea. Akasema hana hamu. Sikuondoka. Nilimshikia bakuli, akala kijiko kimoja, akapumzika, akala kingine. Alipofika nusu aliniuliza, "Na mkeo humshikia hivi akiugua?"

Mama Mwende, nilimwambia sijawahi. Siku uliyomzaa Mwende ulishinda na njaa mpaka dada yangu alipofika jioni, nami nilikaa nje nikisema kupika si kazi yangu. Hukunilaumu hata siku moja. Nimekuja kuliona hilo nikiwa nimemshikia bakuli mtu mwingine.

Nikamweleza Bi Mwanasiti yote, kama yalivyokuwa. Akasema, "Sasa mimi waniambia ya nini? Mwandikie mwenyewe."

Ndiyo nakuandikia. Nisamehe, mke wangu.

Binti yake Bi Mwanasiti amekuja, na mama mwenyewe ameanza kutembea uani.

Nisalimie mama, na ndugu yangu Musyoka anayetulimia shamba la chini. Kyalo akipita hapo, mwambie siku nyingine abishe hodi.

Njooni shule zikifungwa. Wewe utakaa kitini, na sahani ya kwanza nitakupakulia wewe.

Mumeo,
Baba Mwende