Mahali Peupe Mbele ya Goli

Canora, Saskatchewan
9 Januari 1983

Mwanangu Taras,

Hujambo, na taya linaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Gari la jirani yetu Sawchuk halijawaka tangu Jumatatu, na bado anaisimanga injini kama vile inasikia.

Nimepata kipande cha gazeti ulichonitumia. Mashuti tisini na saba, magoli manne. Nimekisoma mara mbili nikidhani wamekosea. Ulipokuwa na miaka kumi na saba ulipiga mashuti mia moja hamsini na mawili ukafunga magoli thelathini na manane. Karatasi zangu zote za kuhesabia mashuti ninazo bado. Marehemu baba yako alikuwa akipiga kelele "Piga! Piga sasa!" mpaka sauti inamkauka, na wewe humsikii. Ulikuwa unasubiri kipa alale kwanza.

Nimekuchorea uwanja wa hoki ya barafuni kwenye karatasi hii. Weka alama kila unapopigia, mechi sita tu, kisha nirudishie.

Mama

Moncton
31 Januari

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo, na taya linatafuna kila kitu isipokuwa nyama ya mama mwenye nyumba wangu, ambayo hata msumeno hauiwezi. Supu yako ya borshi naiota.

Karatasi hiyo hapo, nimejaza. Wenzangu wa timu wananiita Posta. Wanasema mimi kazi yangu kupeleka tu kisahani cha mpira golini, kama kinafika au hakifiki si shauri langu. Juzi kocha Desrosiers alinisimamisha mbele ya wote: "Wasylenko, kipa wa wale jamaa kakutumia salamu. Anasema asante, umempasha moto mikono." Nilicheka nao. Ningefanyaje?

Lakini mashuti napiga mengi kuliko mtu yeyote hapa. Bahati itageuka.

Mwanao, Taras

Canora
8 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tunashukuru, theluji imefika madirishani.

Karatasi yako niliitandika mezani nikaiangalia asubuhi nzima. Alama zote ziko mbali, pembeni kwenye mbao za ukingo wa uwanja, au nyuma huko wanakosimama mabeki. Kutoka huko kipa yeyote mwenye macho anakiona kisahani kikija, anakingoja kama anangoja basi. Magoli yako thelathini na manane ya zamani, thelathini na moja uliyafunga hatua mbili tatu kutoka kwa kipa, upande wa kushoto. Hapo sasa ni peupe. Mechi sita, hakuna alama hata moja.

Hapo ndipo walipokuvunja taya mwaka jana, sivyo?

Mama

Moncton
6 Machi

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako iliniudhi. Niliitia mfukoni mwa koti nikasema mama anakaa maili elfu mbili kutoka hapa, anajua nini.

Ni kweli. Nikifika pale miguu inakataa. Namsikia beki nyuma yangu, nasikia ile fimbo kabla haijanyanyuliwa, na mikono inapiga kabla sijafika ili niondoke. Halafu watu wanasema angalau Wasylenko haogopi kupiga. Mama, napiga kwa sababu naogopa. Hakuna mwingine anayejua.

Baba angeona aibu.

Taras

Canora
14 Machi

Taras mwanangu,

Nimefurahi kuiona hati yako. Sikulala vizuri wiki zile.

Baba yako asingekuonea aibu, na mimi nina jambo sijawahi kukwambia. Watu pale uwanjani walikuwa wakinisifu, mama wa Taras anahesabu kila shuti, mama wa Taras anaujua mchezo. Sikuanza kuhesabu kwa ajili ya mchezo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili ulipoanza kusimama pale mbele ya goli, wakikusukuma na kukupiga fimbo za mgongo, na mimi sikuweza kutazama. Nikachukua penseli ili kila ukipiga tu niinamie karatasi, niwe na pa kuweka macho. Ninajua ulipigia wapi, mwanangu. Magoli yenyewe mengi sikuyaona.

Basi sikwambii uende pale mbele ya goli, wala sikwambii usiende. Kama ni kuogopa, tulikuwa wawili.

Mama

Moncton
2 Aprili

Mama, shikamoo.

Niliisoma barua yako garini tukielekea mechi, nikamwambia dereva macho yangu yana vumbi.

Msimu umekwisha. Mechi nne za mwisho nilipiga mashuti tisa tu, nikafunga matatu. La kwanza lilikuwa baya kuliko yote niliyowahi kufunga. Nilisimama pale upande wa kushoto, beki akanipiga mgongoni, nikaanguka kifudifudi, na nikiwa chini nikakisukuma kisahani kwa ncha ya fimbo chini ya mguu wa kipa. Nilikaa pale barafuni nikicheka. Kocha akaniuliza, "Posta, leo umebisha hodi mwenyewe?"

Mwaka ujao hawanihitaji, wamepata kijana wa miaka ishirini. Desrosiers aliniambia kwa upole, akanishika mkono. Nilidhani itaniuma zaidi.

Nafika na treni ya Jumanne. Sawchuk ameniandikia, timu ya mjini kwetu inacheza Ijumaa na inakosa mtu. Nimekubali. Njoo ukae karibu na kioo cha ukingo wa uwanja, Mama, mikono mitupu. Nikifika pale mbele ya goli, nitazame.

Mwanao, Taras