Herufi za Kumficha Mama

Jumamosi usiku

Herufi zote zimekataa. Nimezichora wiki nzima kwa brashi ninayochorea mabango ya vinyozi, na leo nikazipeleka Kawangware kwa dada yangu Atieno. Alichukua biro akazinakili, zote zikafanana. Nilikuwa nimezitofautisha kwa unene wa mstari, na biro haina unene.

"Umechorea ukuta," akasema. "Mimi nataka kikaratasi cha kuweka chini ya thermos."

Lugha yenyewe tuliitunga tukiwa watoto kule mtaani Kianda, ili Mama asituelewe. Sasa Mama anaugua, anakaa kwa Atieno, na alichotuambia daktari tulikuwa hatujamwambia. Tukiongea lugha yetu mbele yake, alikuwa akituangalia tu. Ndio nikasema niitafutie maandishi, tuachiane ujumbe kimya kimya.

Kwa hivyo nikajiambia nianze upya. Na huu mkono unavyouma...

Nilikuwa nishavaa viatu Mama aliponiita. Akaniongelesha kwa lugha yetu, polepole, bila kukosea hata neno.

"Wacha kujichosha. Tuliishi chumba kimoja, mwanangu. Mimi nilikuwa hapo tu, nyuma ya pazia."

Atieno akaweka biro chini.

Kisha Mama akauliza daktari alisema nini. Lugha yetu haina jina la ugonjwa huo, sisi huuita tu ile kitu. Nikavua viatu tena, nikakaa karibu naye, nikamwambia kwa Kijaluo.