Vidonge Ndani ya Mkebe wa Kakao

Aunty Joha, naomba unisaidie, nakuandikia nikiwa nimejifungia choo cha wafanyakazi hapa hotelini Marina, huku ughaibuni, na saa ya chakula inaisha, kwa hiyo nisamehe nikiandika ovyo. Mimi ni Mkenya, nasafisha vyumba, na shida yangu ni kaka yangu, nitamwita Isaiah, ambaye ni mlinzi, tunakaa nyumba moja ya kugawana mtaa wa Al Nahda, yeye chumba cha wanaume, mimi cha wanawake. Anasimama masaa kumi na mawili kila siku, mgongo ukaanza kumuuma, mwenzake akampa vidonge vya maumivu, vikamsaidia, nami nikashukuru Mungu, lakini sasa hata siku ya off anameza, na mgongo hauumi tena, ananiambia mwenyewe hauumi, anameza tu ili ajisikie mtu. Mwezi uliopita nilivificha siku mbili, akatetemeka, akatapika, akalia nje ya mlango wetu wenzangu wote wakisikia, nikaona aibu, nikamrudishia.

Sasa yule aliyekuwa akimpatia ametoweka, wanasema amekamatwa, na binamu yetu Monicah anakuja kutoka Kenya kuanza kazi ya nyumbani huku, mtaa wa Al Warqa, anapanda ndege Alhamisi, na unatujua sisi, mtu akisafiri kila ndugu anamletea mzigo, unga wa wimbi, omena, majani chai. Isaiah akaniambia, "Sister, ongea na mathe aniwekee dawa kwa bag ya Monicah. Azitoe kwa pakiti, aweke ndani ya kakao. Ukiongea wewe hatauliza maswali." Nikakataa. Akasema, "Basi utanizika huku. Wewe umewahi kusimama kwa jua masaa twelve? Hujawahi. Khalas, usinijudge." Nikampigia mama kule kwetu Kitale. Mama akauliza ni dawa ya nini, nikamwambia ni vitamini, na kwamba kwenye kakao hazitapondeka. Aunty, nilimwambia mama yangu ni vitamini! Amenunua, ameshafunga mkebe, na Monicah hajui lolote, anajua anabeba kakao.

Leo ni Jumanne, zimebaki siku mbili. Hospitali naogopa wataita polisi arudishwe nyumbani bila kazi. Nilitaka kuomba maombi kwenye grupu la fellowship bila kutaja jina, lakini supavaiza wake yumo humo, na kila mtu anajua nina kaka mmoja tu. Nikizuia mzigo atajua ni mimi, na sijui atafanya nini. Nifanyeje?

Dada, Al Nahda

*

Mwanangu, usiendelee kusoma. Mpigie mama sasa hivi, mwambie autoe mkebe huo sandukuni, na umwambie sababu ya kweli. Kisha urudi hapa.

Hayo nilikutumia dakika ile ile nilipoisoma barua yako, na haya yaliyobaki yakafuata saa hiyo hiyo. Leo nayachapisha kwa ruhusa yako, maana wenye kaka kama wako ni wengi na wote wamekaa kimya.

Sasa nikugombeze. Vitamini gani hiyo inayofichwa ndani ya kakao? Dawa ambayo huko nyumbani mtu anainunua dukani, hapa yaweza kuwa kesi nzito ukiingia nayo bila karatasi za daktari. Monicah angefunguliwa sanduku uwanja wa ndege, angeapa kwamba ni kakao, na nani angemwamini? Hajafika hata kwenye hiyo kazi yake, nyinyi mshamtwisha kifungo. Mpigie na yeye. Afungue kila alichopewa na ndugu, apange sanduku kwa mikono yake mwenyewe, na asichokijua akiache.

Nimemaliza kugomba. Najua ulifanya hivyo kwa mapenzi na hofu, na roho inaniuma kwa ajili yako. Ila na kule kumfichia vidonge usirudie. Mwili uliovizoea ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa hata na degedege. Kutetemeka kule hakukuwa ukaidi, ni maradhi, na akianguka au akipotewa na fahamu ita ambulensi, usiniandikie mimi barua.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kutoficha si kutangaza. Grupu la maombi liache kwanza. Leo ukitoka kazini nenda mahali wenzako wa chumbani hawakusikii, upige simu kliniki inayotibu uraibu. Jina lake huna haja ya kulitaja, wala lako. Sema, "Nina ndugu anameza vidonge vya maumivu kila siku na hawezi kuacha, tuanzie wapi?" Waulize nani atajua, mwajiri ataambiwa nini, na vile vidonge vilivyobaki vifanyweje. Nijuavyo mimi, sheria ya hapa inampa nafasi mtu anayejipeleka mwenyewe kutibiwa, au anayepelekwa na ndugu wa karibu, maadamu hajakamatwa. Lakini mimi si wakili, kwa hiyo waulize hilo pia kabla hujatoa jina. Wakikujibu kwa jeuri, kata, upige kwingine.

Halafu Isaiah. Zungumza naye mkiwa wawili, siku yake ya kupumzika, wala usimsingizie mama. Mwambie, "Mzigo nimeuzuia mimi. Daktari nimeshampata, twende pamoja." Akirudia lile neno la kuzikwa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, na daktari umwambie siku hiyo hiyo, kama alivyolisema.

Atakukasirikia, tena sana, na huenda siku kadhaa asikuamkie. Vumilia. Kwa ajili yake uliweza kumdanganya mama aliyekuzaa. Basi ukweli huu hautakushinda.