Kwa Wachira, Aliyenifunza Kugeuza Utumbo

Ndugu yangu Wachira,

Hapa Gakindu hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi. Nilienda Nyeri nikapimwa, wakanipitisha ule mpira wao wenye taa, na unajua unapitia wapi, usinicheke. Daktari akasema tumbo langu ni safi kama kanisa Jumapili asubuhi. Mimi, niliyekunywa pombe mpaka Kampala, niliyekula nyama ya wafugaji wa Nanyuki mpaka wakaniuliza kama nitawabakishia mifupa! Sasa soko lote linaniita Kariuki Tumbo Safi. Hata padri.

Bucha yako iko wazi. Rangi ya kijani uliyopaka imebambuka upande wa mvua. Kahawa imelipa vizuri, kwa hivyo Ijumaa mutura, ule utumbo wa kujazwa damu na nyama, inaisha jua likiwa bado juu. Lakini wazee wanatafuna, halafu mmoja anasema, "Ya Wachira ilikuwa ingine." Nawaambia wameze tu waende. Ni kweli lakini.

Nakumbuka ukinifunza. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, najua kila kitu duniani. Nikaanza kujaza damu na nyama kwa utumbo wa mbuzi bila kuugeuza. Ukanipiga kofi la mgongo. "Wewe profesa, geuza kwanza! Kwa nje unaona nini?" Ukaugeuza majini, ukapitisha kidole polepole, ukapata kivimbe, ukautupa utumbo wote kwa mbwa, na mteja analia hapo mlangoni.

Lakini ulipoona damu yako mwenyewe chooni, ulisema ni amiba. Sisi wote tukasema ni amiba. Hapa kwetu nani hana amiba? Ukanunua vidonge dukani, ukapata nafuu, ukanunua tena. Ukakonda mpaka suruali inafungwa na kamba, na mimi nakuchekelea, ati umekuwa kijana wa kutafuta bibi. "Cheka," ukasema, "lakini leta kamba ndefu."

Siku zako za mwisho, ukiwa umelala, daktari alituita kando, mimi na dada yetu Nyambura. Alisema kansa ya utumbo mkubwa inaweza kutembea ndani ya familia. Inaanza kama kijivimbe kidogo kisichouma, na kikionekana mapema kinatolewa kabla hakijageuka kansa. Tupimwe sisi wawili, hata kama hatusikii chochote. Nyambura akalia. Nikamwambia, "Wewe tulia. Nitaenda wa kwanza nikufungulie njia."

Sasa sikia. Niliporudi na habari yangu nzuri, Mama alichinja jogoo. Nyambura akaja kutoka Wamagana na watoto, akacheka mara ya kwanza tangu tukuzike. "Kama wewe na hayo maisha yako uko safi, mimi mnywa chai nitapatikana na nini?" Akakataa kwenda. Nikimsukuma, ananiuliza kwa nini ninamtakia mabaya. Mama naye ananikemea: "Kariuki, Mungu ametupumzisha, nawe unatafuta matanga ingine?"

Jumapili iliyopita nilimwona Nyambura akitoka kanisani. Amefunga sketi na pini mbili. Nikamuuliza. Akasema ni kitu kidogo tu, amenunua vidonge vya amiba.



Sina pa kutokea. Kila mtu akinishika mkono kunipongeza, ni kama ananisukuma ndani zaidi na kufunga mlango. Nacheka, nakata nyama, nafanya mzaha. Halafu nikifika kwa utumbo, nikiugeuza majini, vidole vinakataa kutembea.

Lala sasa, ndugu yangu. Jumapili, wakikusanyika kwa Mama, nitasema, na wanitupie sufuria wakitaka. Jumatatu nafunga bucha. Nitamchukua Nyambura hata kama ni kumbeba mabegani kama mbuzi. Tutakunywa ile dawa ya kuosha tumbo, twende Nyeri, na nitapanda kile kitanda mbele yake. Hilo nakuahidi, kwa mikono uliyoifunza kazi.

Maana sikupimwa. Nilifika kwa lango la hospitali, nikaona mzee akisaidiwa kutembea, suruali imefungwa na kamba, nikarudi nyumbani. Hakuna mpira, hakuna taa, hakuna daktari aliyenisifu. Nilidanganya.